Kilwa si magofu tu: jibu la fundi kwa msomaji mwenzake

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu kijana mmoja aliyeandika humu majuzi. Alikwenda Kilwa Kisiwani, ule mji wa kale wa pwani ya kusini, na wenzake kwa safari ya mwisho wa wiki, wakalipa fedha zao, akarudi na malalamiko kwamba kule hakuna cha kuona isipokuwa kuta zilizobomoka na jua kali. Akatushauri wasomaji kwamba Mtanzania anayetaka kuitembelea nchi yake aende mbugani, maana huko angalau simba anatikisa mkia.

Sikumkasirikia. Barabara ile ni ndefu na fedha hazipatikani kirahisi. Ila mimi ni fundi mwashi, nimeshika mwiko tangu ujanani, Tanga, Muheza mpaka Pangani, na mtu akisema mbele yangu kwamba ukuta ni ukuta tu, siwezi kunyamaza. Mwaka jana nilifunga safari kwenda huko huko Kilwa, kwa basi, na begi la mjukuu wangu mgongoni. Nilikaa mpaka nikatosheka. Kwa nilivyoisoma barua yake, naona kijana huyu hakuonyeshwa Kilwa hata kidogo. Alipitishwa tu, kama abiria anayepitishwa kwenye stendi asiyoshuka.

Hebu tuangalie alivyoeleza mwenyewe. Walitoka Dar es Salaam usiku, wakafika Kilwa Masoko, mji wa bara unakovukia, alfajiri hawajalala. Wakavushwa kwa boti, wakaambiwa saa sita mchana wawe wamerudi kwa sababu gari linaondoka. Picha kwenye ngome ya Gereza, picha kwenye Msikiti Mkuu, picha ya kundi zima chini ya mbuyu. Kasri la Husuni Kubwa wakaambiwa ni mbali na jua limepanda. Chakula wakalia ndani ya gari, kuku na chipsi zilizofungwa tangu Mbagala. Kwa mpango huo hata mimi ningeandika barua ya malalamiko, ila ningewalalamikia waliopanga safari, nikakiacha kisiwa salama.

Mimi nilipandia basi Mbagala Rangi Tatu asubuhi. Zamani safari hii ilikuwa adhabu, watu wakingojea kivuko cha Rufiji hapo Ndundu. Tangu lilipofunguliwa Daraja la Mkapa mwaka 2003 mto unavukwa hujamaliza kusema bismillahi. Somanga basi lilisimama, tukanunua samaki wa kukaanga dirishani. Nangurukuru tukaiacha barabara ya Lindi, tukakata kushoto kwenda Masoko. Nikatafuta gesti, nikaoga, nikalala. Asubuhi yake nikaenda ofisini kuchukua kibali, kwa kuwa kisiwani huendi bila kibali wala bila mwongozaji. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana ukilinganisha na anachotozwa mgeni wa nje, kwa hiyo mtu asije na kisingizio hicho.

Kivuko chenyewe ni kifupi. Mashua ikiwa katikati ya maji, Gereza linaonekana lote limesimama ufukweni, ile ngome ambayo Wareno waliianza mwaka 1505 baada ya kuuteka na kuupora mji, na ambayo ilikuja kujengwa upya enzi za Waarabu wa Oman. Wenzangu kwenye mashua walitoa simu wakapiga picha. Mimi nilikuwa natazama chini ya ukuta, pale bahari inapogonga, kwa sababu jengo huanzia msingi. Bahari imekula sehemu. Kando yake wameweka mawe kwenye vizimba vya waya na kupanda mikoko ili kulipunguza wimbi nguvu. Nikamuuliza mwongozaji, kijana wa pale pale kisiwani, kazi ile ni ya lini. Akashangaa. Akasema, "Mzee, watu huwa wananiuliza Wareno walikaa miaka mingapi. Kuhusu mawe ya ufukweni wewe ndiye wa kwanza."

Kuanzia hapo tukaelewana.

Msikiti Mkuu una sehemu mbili, na asiyeambiwa hawezi kujua. Ile ya kaskazini, yenye kibla, yaani kishubaka cha imamu ukutani, ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12, na paa lake halipo. Ya kusini ni nyongeza, kubwa mara kadhaa kuliko msikiti wenyewe. Ilijengwa kwanza mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kwa nguzo za jiwe zima la tumbawe, kila nguzo jiwe moja lililochongwa. Paa lile lilikuja kuanguka. Karne ya 15 wakajenga upya, na safari hii mafundi wakaachana na nguzo za jiwe moja. Wakajenga nguzo za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa, na juu yake wakafunika kwa kuba na matao ya mviringo, safu kwa safu. Sehemu kubwa ya kazi hiyo imesimama hadi leo.

Nilikaa chini ya kuba mojawapo nikiwa nimeinua shingo mpaka ikauma. Vijana wangu wa kazi huwa siwaruhusu kuvua mbao za slabu kabla ya siku zake, na humo ndani tumejaza nondo. Hawa hawakuwa na nondo wala saruji. Walikuwa na mawe, chokaa, mchanga, boriti za kushikilia wakati wa kumimina, na hesabu ya tao: kila jiwe linambana mwenzake hadi lote likakaa. Tao likikosewa kidogo tu kwenye bega, linafunguka. Nilitafuta nyufa kama ilivyo desturi yetu mafundi tukiingia kwenye kazi ya mtu mwingine. Zipo, na zimezibwa. Lakini bega la tao lilikuwa limenyooka vile ambavyo mimi na timazi yangu na pimamaji langu nisingeahidi.

Kijana mwenzetu kwenye barua yake alisema pia kwamba vyumba vya kasri ni vyembamba, sultani gani akae humo. Swali zuri, na laiti angepewa muda angejibiwa. Angeingia kasri la Makutani akatazama juu kwenye kuta angeona matundu yamepangwa mstari mmoja. Humo zilikaa boriti za mkoko. Mti wa mkoko ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari la mawe na chokaa una urefu wake, na hauongezeki kwa amri ya sultani. Kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa msituni, kwenye matope ya mikoko, kabla fundi hajapiga kamba. Chumba kinaweza kurefuka upendavyo, lakini kutanuka hakitanuki. Ni hivyo Kilwa, ni hivyo Lamu, ni hivyo Unguja kwenye nyumba za Mji Mkongwe. Nilinyoosha mikono nikapima kwa pima, chumba baada ya chumba, mwongozaji akihesabu kwa sauti, na upana ukawa ni ule ule, tofauti ya kiganja. Alifurahi mno. Akasema kesho yake akipata wageni atawapimisha.

Na kuna mawe ya aina mbili, ambayo kwenye picha yanafanana. Jiwe la ukuta wa kawaida ni tumbawe la nchi kavu, gumu, lenye matundu, linachimbwa ardhini. Lakini panapohitaji nakshi, kwenye kibla, kwenye fremu ya mlango, kwenye ukingo wa tao, walitumia tumbawe la baharini lililotolewa likiwa bichi. Likiwa bichi linachongeka kwa urahisi, likikauka linakuwa gumu. Maana yake ni kwamba fundi alikuwa na muda maalumu. Jiwe likitoka majini, mchongaji hana nafasi ya kwenda kunywa kahawa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa kibla, utaihisi haraka ya mtu huyo, mistari imeingia safi, haikurudiwa. (Omba ruhusa kwanza, na kama mwongozaji anakataa kugusa, usiguse.)

Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri iliyojengwa vyema. Mwongozaji alilisema hilo kwa kichwa, kama wanavyofundishwa. Nikamwambia nimesikia msafiri huyo huyo aliandika kwamba nyumba zake ni za mbao na miti. Akacheka akasema ni kweli, na watu wengi hawalipendi hilo kwa kuwa wanataka mji wote uwe wa mawe. Kwangu mimi halina utata. Tazama Kisiwani leo: nyumba nyingi ni za fito na udongo na makuti, na katikati yake msikiti wa mawe. Mji wa kweli una wenye uwezo wa chokaa na wenye uwezo wa udongo. Aliyejenga kwa udongo hakuacha gofu, basi tunamsahau, na tunapiga picha ya jirani yake tajiri.

Husuni Kubwa tulikwenda alasiri, jua limelegea. Ni mwendo wa miguu kupita mashambani, minazi na mibuyu, na njia nzima tulikuwa tukisalimiana na watu wanaorudi shamba. Kasri liko juu ya mwamba unaotazama bahari. Lilijengwa na Sultani al-Hasan huyo huyo, lina vyumba zaidi ya 100, na lina bwawa la kuogea la pembe nane ambalo ukilitazama hutaki kuamini ni la karne ya 14. Ngazi zinashuka hadi pwani. Na halikumalizika. Wataalamu wanasema hivyo, nami nilipoingia vyumba vya nyuma nikakubaliana nao, kuna kuta ambazo zimeachwa jinsi fundi anavyoacha akitarajia kurudi Jumatatu. Kila fundi anajua kwamba jengo lisilokwisha lina hadithi ya fedha. Huyu sultani alisifika kwa ukarimu; Ibn Battuta anasimulia jinsi alivyomvulia fakiri mmoja nguo alizokuwa amevaa, baada ya sala ya Ijumaa, na kumwongezea zawadi juu yake. Nikajisemea moyoni, mwenye nyumba anayegawa namna hiyo, mafundi wake huenda walikuwa wanaambiwa waje mwezi ujao.

Fedha yenyewe ilikuwepo, hilo halina ubishi. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, ilipita mikononi mwa watu wa Kilwa, wakafyatua sarafu zao wenyewe, na sarafu yenye jina la al-Hasan imeokotwa mbali kabisa, kwenye magofu ya Great Zimbabwe. Nyingine za Kilwa ziliokotwa visiwa vya kaskazini mwa Australia mwaka 1944, na jinsi zilivyofika huko watu bado wanabishana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko kasri, na ambalo kwa safari ya saa sita mchana huwezi kulipata. Ni chokaa.

Siku iliyofuata nilirudi kisiwani peke yangu na mwongozaji, nikamwomba anipeleke kwa mtu yeyote aliyefanya kazi kwenye ukarabati. Kilwa Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, na mwaka 2004 zikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kuta zikianguka, mizizi ikipasua, bahari ikila. Ukarabati ukafanyika, na mwaka 2014 zikatolewa kwenye orodha hiyo ya hatari. Hayo magazeti yaliandika. Ambacho sikukisoma popote ni nani alishika mwiko.

Tukamkuta mzee mmoja amekaa barazani akishona nyavu. Tukasalimiana, nikamwambia mimi fundi mwenzako, natoka Tanga. Akaweka nyavu chini. Alichonieleza nilikuwa nakijua nusu tu, kutoka kwa marehemu baba yangu aliyewahi kupiga lipu ya chokaa Pangani. Unapanga magogo kwa duara, gogo juu ya gogo, katikati unaacha nafasi ya moto, juu unarundika matumbawe. Unawasha wakati upepo umetulia, na ukishawasha huondoki. Moto ukiisha unabaki na mawe meupe mepesi, ukiyamwagia maji yanachemka yenyewe na kupasuka kuwa unga. Hapo ndipo mwenye haraka anapoharibu. Chokaa inazimwa shimoni na inaachwa humo muda mrefu, ikiwa na maji juu, ndipo ichanganywe na mchanga. Mzee alisema chokaa iliyokaa inashika mwiko yenyewe, na isiyokaa inatoa malengelenge ukutani baada ya mvua ya kwanza.

Nikamuuliza kwa nini wasitumie saruji wakamaliza kazi kwa wiki. Alinitazama kwa huruma. Akanipeleka kwenye kipande cha ukuta mmoja (sitasema upi) ambako zamani mtu alipaka saruji. Lipu ile ilikuwa imebanduka kama ganda, imetoka na uso wa jiwe. Ukuta wa matumbawe una chumvi na unyevu ndani yake, na lazima upumue. Chokaa inauacha unyevu utoke. Saruji inauziba, unyevu unatafuta njia, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, mwisho ukuta unajibandua ngozi. Jambo hili vijana wa kazi hapa Tanga hawalijui, na ndiyo sababu nyumba zetu za kale za mtaani zinapigwa lipu ya saruji zikaharibika haraka kuliko kama zingeachwa zilivyo.

Kisha, tukirudi ufukweni, mzee akanionyesha mashua imelazwa ubavu mchangani, baharia anaipaka chini deheni, yaani mafuta ya mnyama yaliyochanganywa na chokaa, isiliwe na wadudu wa baharini. Chokaa ile ile! Na mke wa mzee alikuwa na kijaluba cha tambuu barazani, popoo, jani, na chokaa kidogo kwenye kopo. Msikiti, chombo na kinywa, vyote kutoka tanuri moja. Siku hizi tanuri zenyewe zimepungua, na kwa upande mmoja ni sawa, kwa kuwa matumbawe hai yakivunjwa samaki hawana pa kuzalia, na hata magogo ya mikoko hayakatwi ovyo. Lakini ujuzi ukienda na wazee hawa, ukuta wa kuba ukifunguka kesho tutamwita nani? Tutaleta mifuko ya saruji.

Chakula cha mchana nilikula kwa mama mmoja kijijini, wali wa nazi na pweza, na mbaazi pembeni. Nikalipa hapo hapo mkononi mwake. Wale wa chipsi za Mbagala hawakumwachia hata shilingi, na ndiyo maana wenyeji wanapoona mashua ya wageni inakuja hawasimami. Wanajua hao watapita.

Mwongozaji naye, nimtetee kidogo. Watu wanawalaumu vijana hawa kwamba wanasoma tarehe kama kaseti. Mpe muda. Tulipokaa kisimani, ambako wanawake bado wanachota maji, aliniambia bibi yake alivyokuwa akiwakataza watoto kuchezea makaburi ya karibu na Msikiti wa Malindi, na namna walivyokuwa wakiokota vigae vya vyombo vya Kichina ufukweni na kuvichezea mdako, bila kujua ni vitu gani, mpaka walipokuja watu wa kuchimba na kuwaambia. Hayo hayamo kwenye maelezo anayotakiwa kuyasema kwa dakika arobaini. Hakuna anayemwuliza, naye hajui kama yana thamani.

Kilwa Kivinje nilipita nikiwa njiani kurudi, nikaona nyumba za wafanyabiashara wa zamani zinazoporomoka, soko la samaki, na mnara wa kumbukumbu ya walionyongwa na Wajerumani wakati wa vita vya Maji Maji. Kivinje inahitaji barua yake, sitaipunja hapa.

Nirudi kwa kijana wangu na kwa wale wanaopanga safari hizi. Utalii wa ndani tunaambiwa kila siku, kwenye redio na kwenye mabango, na mimi naunga mkono. Lakini msituuzie mji wa miaka elfu kwa mpango wa kwenda kumtazama tembo. Tembo ukimwona umemwona. Ukuta hauonekani hivyo, unahitaji mtu akueleze, na mtu huyo yuko shambani au baharini mpaka alasiri. Laleni Masoko. Gesti zipo za kila bei. Vukeni mapema, pumzikeni jua likiwa kali, kuleni kijijini, Husuni Kubwa nendeni alasiri. Kama kundi lina haraka ya kurudi kazini Jumatatu, basi liende Bagamoyo au Kunduchi ambako ni karibu, Kilwa iachwe kwa likizo.

Na nina ombi kwa wahusika wa elimu ya ufundi. Vyuo vya VETA vinafundisha uashi nchi nzima, na nimefanya kazi na vijana wengi waliotoka huko, wazuri, wanajua zege. Sijakutana na hata mmoja aliyewahi kupelekwa kutazama kuba la Msikiti Mkuu au kuzima chokaa kwa mikono yake. Wanafunzi wa historia wanapelekwa, wanaandika tarehe. Wapelekeni na waashi. Wale wazee waliofanya ukarabati wapo, wana nguvu ya kusema na kuonyesha, walipwe posho kama wanavyolipwa wakufunzi wengine. Fundi kijana akikaa siku chache na tanuri lile, hata nyumba ya kale ya mtaani kwake ataipaka lipu inayostahili, na hahitaji mfadhili wa nje kuja kumwambia.

Kwako Mhariri, kurasa zenu za safari zina picha nzuri sana, hongera kwa wapiga picha. Ila mtu wa kipato changu akimaliza kuzisoma hajui apande basi wapi, kibali kinachukuliwa ofisi gani, wala mashua inavuka maji yakiwa vipi. Andikeni hayo. Andikeni kwamba wakati wa bamvua maji yakikupwa mashua haifiki ukingoni, utashuka na kutembea kwenye matope, kwa hiyo mtu avae kandambili na si viatu vya ngozi. Andikeni kwamba nahodha hulipwa kwa makubaliano, na ukiwa peke yako ni ghali, ukisubiri wanakijiji wanaovuka na mahitaji yao ni nafuu, na mazungumzo ni bora zaidi. Nilivuka mara moja na magunia ya unga, mbuzi mmoja na bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa ametoka kununua kanga Masoko, na nilijifunza habari za Kisiwani humo kuliko kwenye kibao chochote.

Mwisho, kijana aliyeandika barua ile alisema anaishi Dar es Salaam lakini kwao ni Tanga. Basi ninamwalika. Kusini mwa mji wetu, kwenye barabara ya Pangani, kuna Tongoni, msikiti wa kale na makaburi yenye minara, na kwenye minara hiyo matundu ya mviringo ambamo zilikaa bakuli za Kichina kabla ya watu kuzing'oa. Watu wengi wa Tanga hawajafika, hata majirani zangu. Akija likizo aulizie mafundi waashi wa Ngamiani, wataniita. Tutakwenda kwa daladala asubuhi, nauli juu yangu, yeye aje na kofia na maswali, na simu aiweke mfukoni mpaka tumalize kupima.

Wako,
Fundi mwashi, Ngamiani, Tanga